Mbwa Hapeleki Maneno

Siku Pandu alipompeleka mbwa Chwaka, mkewe alipika vitumbua.

Hakupika kwa njaa. Kidawa alikuwa na nadhiri. Miaka saba nyuma, mumewe alipopewa kazi ya kulinda ghala la karafuu bandarini pamoja na mbwa, akarudi nyumbani ana manyoya kwenye suruali, Kidawa aliinua mikono akasema: Mola akimuondosha mbwa huyu katika nyumba yangu, ntawalisha watoto wa chuo cha Kurani vitumbua mpaka washibe. Mbwa mwenyewe hakuwahi kuikanyaga nyumba hiyo. Alilala ghalani, alikula ghalani. Lakini Kidawa alijua kwamba mbwa anaweza kuwamo ndani ya nyumba bila ya kuwamo. Alikuwamo kwenye ndoo ya peke yake iliyowekwa uani, na kwenye kopo la udongo pembeni yake, kwa sababu kila Pandu akirudi zamu ilimlazimu ajioshe mara saba, moja kwa udongo, ndipo ashike kitasa cha mlango. Alikuwamo harusini, Pandu alipotengewa sahani yake na watu wakasema ni kwa heshima. Alikuwamo skuli, binti yao Tabia alipoitwa mtoto wa mbwa na wenzake wakacheka, na mwalimu naye akageukia ubao ili asionekane meno.

Sasa mbwa kazeeka. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu na mguu wa nyuma haukunji. Wakubwa wa ghala wakaandika barua ya mistari miwili kwamba amestaafishwa, na msimamizi akasema risasi moja itatosha. Pandu aliomba, akaomba tena, mpaka akaruhusiwa kumpeleka kwa Mzee Borafya wa Chwaka, msasi, mtu anayefuga mbwa wa kuwindia nguruwe wanaokula mihogo ya watu.

Kwa hiyo mwezi huo wa mwaka sabini na moja, Kidawa akadunduliza mchele wa foleni wiki tatu, akaroweka, akatwanga, akaazima chuma cha kupikia kwa jirani yake Bi Mwamvua, waliyekuwa wakishirikiana naye uwa katika ile nyumba kongwe ya Malindi. Wakati wa alasiri watoto wa chuoni walikuwa wamejaa uani, midomo inang'aa mafuta.

Hapo ndipo Pandu alipoingia, mwekundu kwa vumbi la njia.

“Kuna khitma?” aliuliza.

Kidawa alikuwa anageuza vitumbua, hakuwahi kujibu. Bi Mwamvua alimuwahi.

“Khitma ya nani, shemegi? Kwani hujaambiwa? Nadhiri ya mkeo hii. Mbwa keshatoka.”

Watoto wakacheka. Tabia, aliyekuwa na miaka tisa na hajui baya, akamletea baba yake kitumbua cha moto juu ya kipande cha jani la mgomba. Pandu akakipokea. Akakitazama kama mtu aliyepewa barua ya kusomewa, kisha akakitia katika mfuko wa shati.

“Mwenyezi Mungu aikubali,” alisema, akapita kwenda kuoga.

Kidawa aliyaona mafuta yanavyoenea pale mfukoni. Lilikuwa shati lake zuri. Alitaka kumgombeza, akaona watu ni wengi.

*

Alichokitarajia Kidawa ni mume. Pandu alihamishiwa kwenye geti la ghala, kazi ya mchana, kufungua na kufunga. Alirudi jua halijazama, hana harufu, hana manyoya. Kidawa akaiondoa ndoo, akaitia maua ya asumini.

Siku ya pili yake alimkuta mumewe uani, kachuchumaa, anajisugua mikono kwa udongo aliouchota chini ya mpapai.

“Umemshika nani leo?” alimuuliza.

Pandu akaitazama mikono yake.

“Nimesahau,” alisema.

Alikuwa haumwi. Hakukataa chakula, alikula matonge mawili akasema nshashiba. Hakukataa kuzungumza, ukimwambia maji yamekatika atakwambia naam, yamekatika. Alikaa ndani ya nyumba yake kama mgeni aliyeachwa na gari anasubiri jengine. Usingizini Kidawa alimsikia akipumua kama mtu aliye macho, na yeye pia akawa macho, wote wawili wanatazama boriti na hakuna amwambiaye mwenzake kwamba halali.

Mtu akifiwa na ng'ombe watu humwambia pole. Akiibiwa baiskeli huja wakamkalia. Lakini mji mzima hakuna aliyejua neno la kumwambia mtu aliyeachana na mbwa, na waliolijua walilifanya la kuchekea. Jioni moja Kidawa alikuwa dirishani anaanika kanga, akawasikia wanaume wa barazani, Bakar mshona nguo ndiye msemaji wao.

“Pandu, eda utakaa miezi mingapi?”

“Minne na siku kumi, kama desturi,” mwengine akajibu.

“Hiyo ya kufiwa. Huyu kaachwa. Huyu twahara tatu tu.”

“Muulizeni kwanza kama kapewa talaka yake kwa maandishi.”

Wakacheka mpaka Bakar akashika ubavu. Na Pandu naye akacheka. Kidawa alikuwa ameolewa miaka kumi na mbili na alizijua cheko zote za mume wake. Ile hakuijua. Ilikuwa ya mtu anayelipa ili aachwe.

Alifunga dirisha kwa kishindo, watu wa baraza wakatazama juu, kisha wakaendelea.

*

Siku ya tisa, Jumatano, alikuja Hasan, aliyekuwa akileta samaki sokoni kwa baiskeli kutoka Chwaka. Aliisimamisha mlangoni, tenga linadondosha maji.

“Bi Kidawa, mumeo yupo? Nna salamu zake kutoka kwa Mzee Borafya.”

“Yupo kazini. Sema.”

“Mbwa wenu yule...”

“Si wetu.”

“Haya, mbwa huyo. Ana neno. Pale pale alipoachwa, kando ya tanuu la chokaa, ndipo alipo hadi leo. Anakwenda kunywa maji, anarudi, anakaa. Mvua imempiga, jua limempiga. Chakula akipelekewa ananusa tu. Akiitwa, anatazama barabara. Mzee anasema ama kiziwi ama kafanyiziwa.”

“Na mimi nifanye nini?”

“Mzee kasema ikifika Ijumaa hajala, atampumzisha mwenyewe kwa mkuki. Kasema si vyema kumwacha kiumbe ateseke.” Hasan akapanda baiskeli. “Kama hamna haja naye, basi. Nimefikisha.”

Kidawa alikaa kwenye ngazi. Ingetosha kutosema. Hasan harudi mpaka wiki ijayo; Ijumaa ni keshokutwa. Jambo lingekwisha lenyewe, na Pandu angedhani mbwa kafa kwa uzee. Alilizungusha wazo hilo kichwani huku akipara samaki aliowanunua kwa Hasan, na kadiri alivyolizungusha ndivyo lilivyozidi kumwelekea. Aliliacha kwa sababu moja tu: alijiona yeye mwenyewe atakavyokaa mbele ya mtu huyo asiyesema, miaka kumi mingine, na yeye sasa ana lake la kuficha. Wangekuwa mabubu wawili.

Magharibi, Pandu alipoumega mkate, alimwambia yote bila ya kupaka mafuta.

Pandu akalirudisha tonge sahanini.

“Si kiziwi,” alisema. “Nilimwambia stei.”

“Ndiyo nini?”

“Kizungu. Mzungu aliyetufunza mimi na yeye alitufunza kwa Kizungu. Mzungu akaondoka, maneno yakabaki. Stei, maana yake kaa hapo hapo mpaka nikwambie.”

“Na cha kumwambia ni kipi?”

“Basi.”

“Basi nini?”

“Basi tu. Hilo ndilo neno lenyewe. Mzungu alikuwa na lake, likanishinda ulimi, nikamfunza langu. Ukimwambia basi, keshajua kazi imekwisha, yuko huru.”

Kidawa alimtazama. “Na wewe hukumwambia.”

“Ningemwambia angelifuata gari.” Akaligeuza tonge sahanini. “Ndivyo nilivyojidai. Lakini gari lilikuwa bado halijaja. Nilikaa naye saa nzima pale, Kidawa. Halikunitoka.”

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema siku zote tisa. Kidawa aliogopa hata kuteta, asije akayakata.

“Mpelekee Mzee Borafya salamu na gari la Chwaka, amwambie yeye,” alisema taratibu.

“Hamsikii Mzee. Ananisikia mimi.”

“Basi nenda. Kesho omba ruhusa, keshokutwa tunakwenda.”

“Nikaseme nini ofisini? Mlinzi wa geti anaomba ruhusa kwenda kusema neno moja kwa mbwa? Barazani wamenicheka watu wanne. Pale watanicheka arubaini.”

Akanawa. Matonge yalikuwa bado mawili.

*

Asubuhi Kidawa alivaa buibui lake, akenda ghalani mwenyewe. Alipita getini mbele ya mume wake, na Pandu akafungua akafunga kama mtu asiyemjua.

Msimamizi aliitwa Mabrouk, mtu mwenye sauti ndogo na viatu vinavyong'ara. Ofisini mlikuwa na makarani watatu na harufu ya karafuu iliyowashinda wote.

“Karibu, Bi Kidawa. Kuna nini? Mume mgonjwa?”

“Umempita hapo getini, ndugu Mabrouk. Nnamwombea ruhusa ya kesho.”

Mabrouk akatoa karatasi. “Ya nini? Hapa pana ugonjwa, pana msiba, pana harusi, pana safari ya kazi.”

“Hapana mbwa?”

Kalamu zikasimama. Kidawa hakuwa na kipaji cha uongo. Hata akijaribu shingo humwasha. Akaeleza kama ilivyo, tangu tanuu la chokaa mpaka mkuki. Alipofika kwenye neno lenyewe, karani wa nyuma akabweka. Mara moja tu, chini chini, lakini alibweka vizuri, na wale wenzake wakainamia meza mabega yakiwatetemeka.

Kidawa akageuka.

“Huyu naye mpelekeeni chakula,” alisema. “Naona wenzake wote wamestaafu, kabaki yeye.”

Safari hii walicheka kwa sauti, aliyebweka akainamia karatasi zake. Lakini Kidawa uso ulikuwa unamchoma, na alijua habari itafika Malindi kabla yake.

“Ruhusa ya mbwa haimo, bibi,” Mabrouk alisema. “Niandike msiba? Msiba wa nani?”

“Andika ugonjwa.”

“Nani mgonjwa?”

“Mume wangu. Siku kumi hali, halali, hasemi. Mpe siku moja leo, au mwezi ujao utafute mlinzi mwengine na mimi nitafute mume.”

Mabrouk akaandika. Aliandika kwa utulivu, akapuliza wino, akampa. Kisha akamsindikiza mpaka mlangoni, akateremsha sauti yake iliyokuwa ndogo tangu hapo.

“Unajua, mumeo alikuwa akimsemesha yule mbwa. Nimewaona mara nyingi. Wamekaa kule mwisho wa gati, midomo yake inakwenda. Nikisogea, ananyamaza.”

“Watu husemesha hata kuku.”

“Kweli. Lakini kuku mtu humwambia ishi, akamfukuza.” Alitabasamu. “Yule alikuwa akimueleza mambo. Nilikuwa nikipenda kujua ni mambo gani. Hajakwambia wewe?”

“Mimi hunambia maji yamekatika,” Kidawa alisema, akatoka.

Alikwenda mbio mpaka akafika uchochoroni. Hapo akasimama, akaegemea ukuta. Miaka ile watu walikuwa wakichukuliwa na askari kwa maneno madogo kuliko hayo. Kwa mzaha wa barazani. Kwa kuuliza mchele utakuja lini. Mtu alijifunza kusema mbele ya ndugu zake kama anavyosema mbele ya serikali, na Kidawa mwenyewe alikuwa akimkataza Tabia kurudia nje yanayosemwa ndani, mpaka ndani nako kukawa hakusemwi kitu. Alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa ameyaona hayo; kumbe na mumewe.

*

Ijumaa walipanda gari la asubuhi. Pandu alivaa lile shati. Alama ya mafuta ilikuwa haijatoka.

Walimwona mbwa kabla gari halijasimama. Alikuwa kando ya tanuu, kakaa kitako, mweupe kwa vumbi la chokaa kama aliyepakwa. Mzee Borafya alikuwa kachutama mbali kidogo, mkuki umelala chini ubavuni mwake.

“Shikamoo, Mzee,” Kidawa alimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Mmefika. Nilisema nisubiri wende watu msikitini warudi, ndipo.” Akamgeukia Pandu. “Mbwa wako ana adabu kuliko watoto wangu. Lakini adabu gani hii ya kumuua mtu?”

Pandu alikuwa kasimama hatua kumi kutoka kwa mbwa. Mbwa alimjua; mkia wake ulikuwa unafagia chokaa, huku na huku, na mwili wote unatetemeka, lakini makalio hayakuinuka. Mbavu zilihesabika. Alikuwa anasubiri. Na mtu wake mdomo ulikuwa wazi na hamna kilichotoka.

Kidawa hakuwahi kumwona mbwa huyu, Rova. Miaka saba alimchukia kwa jina tu. Alidhani ni jibwa kubwa lenye meno. Kumbe ni mnyama wa kadiri, sikio moja limesimama, moja limelala, jicho lina ukungu kama la mama yake marehemu. Akafahamu kwa nini neno halitoki. Madhali halijasemwa, yule bado ni wake, na anakufa ni wake.

“Liseme, baba Tabia,” alimwambia. “Anakutii wewe mpaka mauti. Mtu hamfanyii hivyo anayempenda.”

Pandu akasogea hatua moja.

“Basi, Rova,” alisema. Sauti ilikatika, akarudia. “Basi, baba. Basi.”

Mbwa akainuka vipande vipande, mbele kwanza, kisha nyuma. Akaja, akaweka paji la uso kwenye goti la Pandu, akakaa hivyo. Pandu akainama juu yake. Kidawa akatazama pwani ili asiwatazame.

Baadaye mbwa alikula. Alikula ugali wa Mzee Borafya na vichwa vya samaki, na Pandu akamfunza mzee maneno. Siti, kaa kitako. Kamu, njoo. Hili, nifuate ubavuni. Mzee aliyajaribu mawili akatema mate.

“Ulimi wangu huu umeshazeeka, bwana. Mbwa wangu nawaambia he! wanakwenda, nawaambia ee! wanarudi. Atajifunza. Kama wewe ulivyojifunza Kizungu.”

Alasiri lilipulizwa baragumu kutoka mihogoni: nguruwe wameingia. Mbwa wa Mzee Borafya, watano, wakachomoka kutoka vivulini. Mzee akaokota mkuki. “He!” alisema.

Rova akasimamisha lile sikio moja. Akamtazama Pandu. Pandu hakuwa na kamba mkononi, hakuwa na filimbi, hakusema kitu. Mbwa akawatazama wale watano, akanusa upepo, akaenda. Alikwenda wa mwisho, anachechemea, mguu usiokunja unaandika mstari kwenye mchanga. Alipofika kwenye ukingo wa msitu Pandu alijinyoosha kidogo, anasubiri ageuke.

Hakugeuka. Majani yakafunga.

“Keshaingia kazini,” Kidawa alisema. Ndilo neno pekee alilokuwa nalo.

Pandu akatikisa kichwa kukubali, muda mrefu, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia.

*

Gari la kurudi lilijaa watu, matenga na kuku. Walibanana kwenye benchi la nyuma. Kidawa alisubiri mpaka wakaipita Dunga.

“Ulikuwa ukimwambia nini?” alimuuliza kwa sauti ya chini.

“Nani?”

“Yule. Mwisho wa gati.”

Pandu hakushtuka. Alitazama nje, minazi inavyorudi nyuma.

“Kila kitu,” alisema.

Hilo lilimpiga Kidawa mahali ambapo hakujikinga. Kila kitu. Miaka saba alikuwa anamtekea mtu huyu maji ya kujiosha, anampikia, anamlelea mtoto, na kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa mbwa.

“Na mimi nilikuwa nini?”

“Wewe una mtoto, Kidawa. Una Bi Mwamvua uani. Mtu akikubana utajibu, unavyojua kujibu wewe. Ungekuwa hujui kitu, usingekuwa na la kusema.” Akasogeza miguu, kuku apite. “Mbwa hapeleki maneno.”

“Kama yepi?”

Pandu aliwatazama abiria. Mbele yao kulikuwa na mwanamke ananyonyesha, pembeni mzee anasinzia, kwa dereva vijana wawili wanasikiliza redio. Akageukia tena minazi.

Kidawa alimjua sasa atakavyofanya. Watafika Malindi, Bi Mwamvua atakuwa uani na masikio yake, Tabia atakuja mbio, Bakar atauliza barazani kama mke mkubwa wa Chwaka hajambo. Na mtu huyu atasema naam, maji yamekatika.

Walipofika Welezo Kidawa aligonga bati la gari kwa kiganja. “Shusha.”

“Mbona hatujafika?” Pandu aliuliza.

“Tutakwenda kwa miguu.”

“Ni mbali.”

“Najua ni mbali. Shuka.”

Gari liliwaachia vumbi likaenda zake. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu, mashamba huku na huku, nyumba ya karibu haionekani. Kidawa akavua viatu akavishika mkononi, kwa sababu kimoja kilikuwa kinambana. Wakaanza kwenda. Hakumhimiza. Walikwenda mwendo wa kutosha mtu kusoma Yasini nzima, na Kidawa, ambaye hajawahi kuacha kimya kikae bila kukitia neno, alikiacha.

“Mwanzo sikuwa nikimwambia kitu,” Pandu alisema mwisho. “Nilikuwa nikikohoa tu, na yeye akigeuza kichwa.”

Kidawa akapunguza mwendo.

“Halafu siku moja nikamwambia naogopa.”